Almasi za Marieta

Mimi nina mkono mlegevu, na Marieta hakuniacha nisahau. Miaka tisa tulifuma kitani pamoja katika chumba cha kina mama pale Dongobesh, mtambo mmoja, zamu kwa zamu. Yeye alikuwa anagonga uzi ukabana, almasi zake, yale marembo ya pembe nne, zikainuka fupi, nene, pande zote sawa. Zangu zilirefuka. Alizicheka mbele za watu, eti Letisia anafuma samaki. Nilichukia, sikufichi.

Alifariki hospitali mwezi wa tano, mama yake akiwa bado njiani, na kitambaa cha altare kikiwa nusu. Mama huyo, Mama Genoveva wa Maretadu, akaniomba nikimalizie kwa ajili ya misa ya kumkumbuka mwaka ukitimia, ila kwa mkono wangu uleule mlegevu. Macho yake hayaoni tena. Alitaka apapase kwa kidole mpaka pale almasi zinapobadilika, ajue mwanawe aliishia hapo. Hilo tu. Nikamwahidi, kufuma vibaya nako ni kazi?

Nikanyunyiza maji, maana kitani kikikauka kinakatika, nikaanza. Almasi ya kwanza ikatoka fupi. Nikafumua. Nikagonga taratibu, ikatoka fupi tena. Nikapima kwa rula: za Marieta kabisa. Jamani, nilimtukana mchana kweupe, peke yangu chumbani. Nilimwambia aniachie mikono yangu. Nilifumua mara sita, uzi ukaanza kuchakaa, na misa ilikuwa Jumapili. Nikamaliza hivyo hivyo.

Jumamosi Mama Genoveva akaja na bodaboda. Nikampa shikamoo, nikamtandikia kitambaa mezani. Kidole chake kikaanza mwanzoni, almasi kwa almasi, polepole. Kikapita katikati. Kikafika kwenye pindo la mwisho, kikarudi, kikaenda tena.

"Wewe ulianzia wapi?" akauliza.

"Nilijaribu, mama. Ni yeye."

Nilidhani atanifokea. Akaitafuta mikono yangu pale mezani, akaishika yote miwili, akainama mpaka pumzi yake ikanigusa vidole. Hakuwa anaongea na mimi.

"Mwanangu, siku ile uliniita?"

Mimi ndiye niliyekuwa naye hospitali. Aliita, tena sana, na sikuwahi kumwambia mtu. Kabla sijafungua mdomo, mikono yangu ilikuwa imeshaibana ya kwake, na Mama Genoveva akaanza kulia.