Picha Zilizokaa Kwenye Umeme

Hebu niambie, wewe radi ikilia unazima nini kwanza?

Binti yangu Flora ana duka la picha hapa Newala, na kompyuta moja kuukuu inayotumia mfumo wa Linux. Twahiru, fundi wa Masasi, alimwekea folda ya muda isikae kwenye diski, ikae kwenye RAM, ile kumbukumbu inayoishi na umeme tu. Faida tuliziona. Picha iliyokuwa ikifunguka huku mtu amemenya njugumawe bakuli zima, sasa inafunguka papo hapo. Diski ikaacha kukoroma, maana haiandikwi-andikwi ovyo. Na ukizima, takataka zote zimekwenda. Mteja anayefuata hakuti cheti wala sura ya mwenzake.

Basi akaja Anjelina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, memori kadi ameifunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Mama Oscar."

Oscar mwenyewe, mwanawe, tulikwisha kumzika, kule Lulindi. Picha zake zote zilikuwa humo, na kadi inakufa. Flora akaichomeka, akazivutia picha kwenye folda ya muda azisafishe kwanza. Zikaja! Oscar anacheka, jino la mbele limemeguka. Kisha kadi ikagoma moja kwa moja.

"Mama Mabel, Mungu akuzidishie," Anjelina akamwambia Flora, machozi yanamtoka.

Radi ikapiga upande wa Ruvuma. Huku kwetu juu, ikilia hivyo watu huzima kila kitu, hata vioo hufunikwa kanga.

"Zihamishie kwenye diski kwanza, mwenzangu!" Anjelina akamsihi.

"Ni kubofya tu," Flora akasema, mkono tayari uko kwenye waya wa umeme. "Tulipombeba Mabel wangu kwenda kumzika, wewe ulikuwa uani kwako unatwanga. Jeneza linapita, wewe twanga tu."

"Flora, hamisha," nikamwambia.

"Radi hiyo, mama."

Akachomoa.

Anjelina akakaa sakafuni. Mvua yenyewe haikunyesha. Flora akawasha tena, akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Ona ilivyo safi. Hakuna hata punje."

"Ulitaka nini kwangu?" Anjelina akauliza. "Si ungeniomba?"

Flora akaukunja waya, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nilitaka uje uniambie pole. Basi."