Salamu Jua Lilipopatwa

Mzee Yotamu wa Ilomba, karibu na mji wa Mbeya, alikuwa na redio ya betri. Usiku ilimletea sauti safi kutoka nchi ya migodi ya shaba, alikokuwa mwanawe Abrahamu. Mchana ilikoroma tu. Jambo hilo lilimkera, kwa kuwa salamu za wachimbaji zilisomwa Jumamosi alasiri, na tangu zienee habari za mgodi kuporomoka, Abrahamu hakuwa ameandika hata mstari mmoja.

"Jua ndilo linalozuia," alimweleza Kasian, karani wa simu wa posta, mwenyeji wa Iringa. "Mwanga wake huamsha tabaka huko juu angani, nalo huyameza mawimbi ya redio. Usiku tabaka hilo hufifia, mawimbi yakapanda hadi tabaka la juu zaidi, yakadunda, yakaturudia. Jumamosi hii jua litapatwa, Mzee. Huenda anga ikadhani ni usiku."

"Anga nayo hudanganyika?"

"Sijui. Ndilo ninalotaka kujua."

Jumamosi hiyo ya Septemba 1951, nuru ilipoanza kupungua, kuku waliingia bandani. Mkoromo wa redio ukalegea, na ndani yake ikajitokeza sauti ya mtu, mbali, mithili ya aitaye ng'ambo ya bonde. Yotamu alitega sikio, lakini masikio yake yalikuwa mazito.

"Wanasema nini?"

"Ni Kinyakyusa, Mzee. Mimi Mhehe nitaambulia nini? Lugha yenu ni kama ugali wa moto mdomoni."

Nyuma ya nyumba, migombani, alisimama Tupokigwe, mke wa Abrahamu, amejifunika kitambaa usoni. Kwa Wanyakyusa mkazamwana haonani na baba mkwe, wala hawakai chumba kimoja. Na Yotamu hakuwahi kuulegeza mwiko huo, ingawa wazee wenzake wa kanisa walimcheka.

Aliinuka. "Ichukue redio, mpelekee."

Kasian aliibeba, waya wake ukiburuta nyuma. Yotamu akaenda kusimama mbele ya nyumba, akageuza mgongo. Chini ya mti, vidoa vya mwanga vilivyopenya majani vilikuwa vimegeuka miezi michanga, mamia kwa mamia. Alivitazama asithubutu kuvikanyaga, hadi vilipoanza kunenepa.

Ndipo Tupokigwe alipopaza sauti. "Kaka Kasian, mwambie mwenye mji kwamba mume wangu yu hai. Amevunjika mkono wa kulia, ndiyo maana haandiki. Tena anasema fahali wake mwekundu asiuzwe."

Kasian alirudia neno kwa neno, kama ada ilivyotaka. Yotamu alivua kofia.

"Mwambie nashukuru," alisema. "Kisha muulize: sauti ilianza kupotea kabla ya nuru kurudi, au baada?"

"Baada," alijibu Tupokigwe. "Tena polepole. Kwanza mwanga, kisha mkoromo."

"Kumbe anga ilidanganyika kweli," alinong'ona Kasian.

Yotamu aliinua macho kwenye anga ambayo haikuonyesha kitu, akamwagiza karani aketi, aanze upya maelezo yake yote, tangu tabaka la kwanza.