Ndevu Zilizogoma

Cherehani ilikuwa tayari juu ya mkokoteni, imefungwa kamba miguu juu. Shemeji anasukuma godoro huku, msukuma mkokoteni analivuta kule, na mdogo wangu amekaa kizingitini anawatazama kana kwamba wanaohama ni majirani.

Mimi ni mnoaji. Nazunguka miji na baiskeli yenye jiwe la kunolea, na kila nikipita mji ule nafikia kwa mdogo wangu. Yeye anachomelea mageti na madirisha. Mtaani wanamwita Chuma. Mkewe ni fundi nguo. Asubuhi ile nilitoka na mkasi wake mkubwa kwenda kuunoa, narudi nakuta nyumba inahamishwa.

"Kulikoni, shemeji?"

"Muulize mdogo wako anakunywa hizi kwa ajili ya nani." Akatoa chupa mbili za unga wa kahawia, zimebandikwa picha ya simba na maneno *nguvu za kiume*. "Nimezikuta ndani ya glavu zake za kazi. Mwaka na nusu tunalala kama abiria wawili wasiojuana. Sasa kama dawa inanyweka na mimi kazi yake siioni, inafanya kazi wapi?"

Msukuma mkokoteni akakohoa na kutazama pembeni.

"Sema basi!" shemeji akamgeukia mumewe.

Chuma akainamisha kichwa.

"Unaona? Hata kugombana hagombani." Akaondoka kwenda kwa dada yake, mitaa mitatu mbele. Binti yao yuko shule ya bweni, kwa hiyo tulibaki mimi na mdogo wangu.

Swali la shemeji liliniganda kichwani. Mimi nikishalishika jambo nataka kujua limeanzia wapi, ndiyo maana sijakaa mahali pamoja maisha yangu yote. Nikaanza kumchunguza mdogo wangu. Anaamka amechoka kuliko alivyolala. Geti alilokuwa akilinyanyua peke yake sasa analiburuta. Akishakula mchana anasinzia, kile kinyago cha kuchomelea kikiwa bado usoni. Siku moja redio ilitangaza ng'ombe aliyepotea, akafuta machozi. Na mwenye hawara hunukia, jamani. Huyu alinuka chuma kilichoungua, basi.

Siku ya nne nilipeleka mikasi ya kinyozi wa pale kona.

"Mzee," akaniambia, "ndugu yako amehamia kwa kinyozi mwingine?"

"Kwa nini?"

"Zamani nilimnyoa ndevu mara mbili kwa wiki. Siku hizi anakuja mara moja kwa mwezi, na hata akija wembe unatembea tu, hauna cha kula."

"Labda anajinyoa nyumbani."

"Nimeshika mashavu ya watu miaka ishirini. Ndevu zilizonyolewa zinaacha visiki. Zake hazina visiki. Zimegoma."

Nikarudi mbio. "Wewe, ndevu zako zimekwenda wapi?"

Chuma akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Halafu kicheko kikamkatikia njiani.

"Zile chupa nilinunua kwa ajili yake, kaka. Ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili ilinifanya moyo uende mbio usiku kucha. Nikaona aibu kumwambia nimejaribu nikashindwa."

"Kwa hiyo heri akudhani mzinzi?"

"Mzinzi si angalau ni mwanaume?"

Nikampakia kwenye baiskeli mpaka kliniki.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Nilidhani ataanzia pale matangazo ya ukutani ya nguvu za kiume yanapoanzia. Akaanzia usingizi. Akauliza uchovu, huzuni, hamu ya mke, jasho la ghafla, halafu kunyoa.

"Habari za ndevu anazo huyo," Chuma akaninyooshea kidole.

Damu hakuitoa siku hiyo. "Homoni ya kiume huwa juu asubuhi," akasema. "Mchana inashuka yenyewe, hata kwa mtu mzima wa afya. Njoo saa mbili asubuhi, hujala. Na tutapima asubuhi mbili tofauti. Kipimo kimoja hakitoshi."

Majibu yote mawili yakaja chini, chini sana.

"Uliwahi kuumwa huko chini utotoni?"

"Hapana," akasema Chuma.

"Ndiyo," nikasema mimi. "Matubwitubwi, una miaka kumi na mitatu. Yalikuvimbisha mashavu, yakashukia na chini. Ulitembea kama bata wiki nzima."

Daktari akaandika. "Huenda ndicho chanzo, huenda siyo, nitachunguza zaidi. Zile chupa tupa, hakuna ajuaye zina nini ndani. Dawa ipo, sindano. Lakini sindano hiyo inaweza kuzuia mtoto. Kabla hatujaanza, nataka kumwona mkeo."

Njiani Chuma akanishika mkono. "Kamwambie wewe, kaka. Wewe una mdomo."

Nikamkabidhi mkasi. Mara mbili shemeji alituma mtu auchukue, mara mbili nikajibu kwamba haujakaa sawa. Kusema kweli niliunoa siku ile ile.

"Mpelekee. Anayemletea mkasi wake hafungiwi mlango."

Alikwenda. Nami nikasimamisha baiskeli ng'ambo ya njia, nikajifanya nanoa kisu kisicho na mwenyewe. Shemeji alikuwa barazani na cherehani yake. Akaupokea mkasi, akaujaribu kwenye kitambaa.

"Ile dawa ilikuwa yako," Chuma akasema.

"Yangu vipi? Mimi nina ndevu?"

"Hata mimi sina."

Shemeji akainua macho, akamtazama mashavu muda mrefu. Chuma akamweleza yote, damu, sindano, matubwitubwi, mpaka bata.

"Si ungeniambia."

"Nikwambie nini? Kwamba mwili umezima?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo." Akauweka mkasi chini. "Mwaka huu nimejishonea magauni mawili. Nilidhani tatizo ni mimi."

Kliniki walikwenda pamoja Jumatatu. Daktari alipouliza habari ya mtoto mwingine, shemeji alisema huyo mmoja bado hajamaliza kumlea. Chuma anachomwa sindano na kupimwa damu kwa tarehe. Nguvu za kunyanyua geti zilirudi polepole, si zote. Jumapili bado anasinzia. Shemeji na cherehani walikaa kwa dada mtu wiki sita, kisha mkokoteni ule ule ukawarudisha. Siku hizi wanagombana, na shemeji ndiye anayeshinda. Unga aliumwaga, na kwenye chupa za simba anawekea vifungo. Binti amemaliza shule. Kinyozi anamnyoa Chuma kila Jumamosi. Mimi niliondoka kabla cherehani haijarudi. Haya ya mwisho nimeyakuta nilipopita tena.