Msemaji wa Mafao Yangu

Wiki niliyostaafu upishi kwenye kantini ya kiwanda cha gesi cha Madimba, kaka yangu Muhidini aliitisha kikao cha ukoo nyumbani kwangu Rahaleo bila hata kuniuliza. Ajenda ilikuwa mafao yangu. Kwetu kaka ndiye mjomba wa watoto, na mjomba akishaamua, mwanamke kazi yake ni kutandika mkeka na kusonga ugali. Mkeka nilitandika. Ugali sikusonga.

Kando yangu nilimkalisha Yasmini. Ni mshauri wa fedha, ana ofisi yake mjini, na nilimlipa ada yake kama ninavyomlipa fundi yeyote. Muhidini alimkodolea macho.

"Huyu nani kwenye kikao cha ukoo?"

"Msemaji wangu," nilimjibu. "Si mmekuja kuposa? Binti akiposwa hajibu mwenyewe. Leo yameposwa mafao yangu. Semeni naye."

Mama mdogo Rehana alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Haya, aseme!" Muhidini alifoka.

"Hajapewa kifungua mdomo," nilimwambia.

Nilikuwa na hasira, sifichi. Miaka yote niliyoamka kabla ya adhana kukaanga maandazi ya watu wa gesi, hakuna aliyeniitia kikao kuniuliza kama nimechoka. Muhidini akatupa noti mkekani. Yasmini akaiokota, akaamkia wote, akauliza ukoo unataka nini.

"Msimu wa korosho unakuja," Muhidini alisema. "Hela ya dada yangu Tabu nitaizungusha mimi. Mwakani inarudi mara mbili."

"Utaizungusha vipi, mzee wangu?"

Akajiumauma. Wote tulijua ni kangomba: unamkuta mkulima ana njaa, mtoto wake anaumwa, unanunua korosho zake zingali maua kwa bei ya kutupa.

"Mama ameshaamua," Yasmini alisema. "Pensheni ya kila mwezi ni ya kula. Ile ya mkupuo, sehemu inakaa benki kwa ajili ya maradhi, iliyobaki inaingia kwenye hatifungani."

"Riba!" Muhidini aliruka. "Dada yangu ale riba uzeeni? Haramu hiyo!"

"Ni sukuk, mzee wangu, hatifungani ya Kiislamu, haina riba. Hilo ndilo swali la kwanza mama aliloniuliza."

"Na kangomba, kaka?" nikadakia. "Hiyo ulimuuliza shehe gani?"

Muhidini alisimama, akavaa viatu vyake. Mlangoni akageuka.

"Umeniaibisha mbele ya mgeni. Siku ukifa, Tabu, usinitegemee. Sitakuja kukuzika."

Iliniuma. Ni kaka yangu, tumbo moja, na hajawahi kuniambia neno kama lile. Lakini nilimtazama usoni mpaka akainamisha macho yeye.

"Usije," nikamwambia. "Hela hii si ya kuzikia. Ni ya kuishi, na nitaishi."