Siku Joto Liliposhuka

Nchi ya Mfukuto imekaa juu ya mlima mmoja mkali: kileleni, kwa Mtukufu Harara na jamaa zake, linawaka Jiko Kuu lisilozimwa, na wakubwa hushinda vifua wazi wakijipepea kwa manyoya ya tausi; chini, Zizimani, ukungu hauinuki, na watu wanaolilisha jiko lile, wakipokezana kuni mkono kwa mkono hadi juu, hupumulia viganja vyao visife ganzi. Wakikutana husalimiana, "Joto limepanda?" na kuitikia, "Limepanda," kwani ndivyo walivyofunzwa: asili ya joto ni juu.

Msimu mmoja wa ukungu mzito, Umande wa Zizimani alijifungua kabla ya miezi kutimia, na midomo ya kichanga ikaanza kugeuka buluu. Mdogo wake Cheche, mfua shaba, akapanda kwa Harara kuomba ruhusa ya kuchomeka bomba jikoni.

"Joto lishuke?" Harara alicheka hadi jasho likamtiririka. "Binti, hata moshi umekuzidi akili! Haya, chomeka. Likishuka, nitakuja kulala kwenu."

"Karibu, Mtukufu. Mkeka upo."

Bomba lilitandazwa ndani utambi wa nyuzi za shaba, likatiwa maji kidogo, likafyonzwa hewa yote na kuzibwa. Maji yangechemka juu, mvuke ungekimbilia penye baridi, ungeacha joto lake huko na kuwa maji tena. Na utambi, kama ule wa koroboi unavyopandisha mafuta, ungeyarudisha juu. Lakini njia ilikuwa ndefu. Utambi ukakauka, bomba likabaki baridi.

"Basi, mdogo wangu," Umande alisema, kichanga kifuani. "Umejitahidi."

"Sijamaliza, dada."

Cheche aliutazama mstari wa kuni mlimani. Hakuna aliyebeba gogo peke yake hadi kileleni. Kila mtu alilifikisha kwa jirani tu. Akalikata bomba vipande vifupi, kila kimoja na maji yake na utambi wake, akaviunga kichwa kwa mkia.

Asubuhi moja kipande cha mwisho kikamuunguza kiganja. Kichanga kikapata joto, kikalia kilio cha kutoka tumboni.

Wabeba kuni wakaja kuota joto, mstari ukakatika. Kileleni manyoya ya tausi yakatulia, kisha wakubwa wakaanza kuulizana mashati yako wapi. Hatimaye Harara akaonekana akiteremka, amejitanda blanketi, na chini yake umechomoza mpini: wa shoka, au labda ni mkongojo tu.

Cheche akakunjua mkeka. Umande akatangulia kusalimu:

"Mtukufu, joto limeshuka?"

Harara akafungua kinywa ajibu, lakini meno yalikuwa yakigongana.