Sekunde Arobaini na Moja

Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha maji gizani, tone moja kila baada ya sekunde tatu, kama kawaida yake. Mhariri alikuwa macho kitandani, ubavuni mwa mwanawe, akisubiri saa ya kuamka. Alihesabu bila kutaka, maana ndiyo kazi yake kutwa nzima, kuhesabu sekunde. Tone. Tone. Kisha bomba likanyamaza. Likakaa kimya sekunde arobaini na moja kamili, ndipo tone lililofuata likaanguka kwenye sufuria.

Hakuhitaji kuambiwa. Kimya kile alikijua kama anavyokijua kikohozi cha mtoto wake. Ndani yake mlikuwa na nzi mmoja, feni ya mbali, na mtu anayevuta pumzi kwa pua. Kilikuwa kimya cha mama mfinyanzi wa kule studio, na kilikuwa kimemfuata nyumbani.

Kulipopambazuka, mdogo wake alikwenda kubandika maji ya chai. Akapiga kiberiti. Njiti ikangoja sekunde arobaini na moja, ikawaka.

"Dada, umeleta tena kazi nyumbani?"

"Kimejileta chenyewe."

"Haya. Ila kisikae mlangoni, watu wapite."

Mambo yalianza studio siku tatu kabla, katika chumba kisicho na dirisha, chenye sponji ukutani na kiti kilichokwisha mgongo. Mhariri alikuwa akishona kipindi cha sanaa cha dakika ishirini na sita, kuhusu mfinyanzi maarufu aliyekuwa ametunukiwa nishani. Katika picha zilizoletwa, mfinyanzi huyo alizungumza sana na hakushika udongo hata mara moja. Baadaye alihojiwa mkewe, aliyekuwa na udongo hadi ndani ya kucha. Mama huyo alikuwa mzito wa maneno. Kila jibu lake lilitanguliwa na kimya. Mtayarishaji wa kipindi, mtu mwema mwenye vidonda vya tumbo, alisema huyu mama anatulaza usingizi, apunguzwe.

Mhariri akampunguza. Vipande vifupi vya kimya havikutupwa. Chumba cha pili walikuwa wanahariri vichekesho, na huko kila mzaha unadai nusu sekunde ya kusubiri kabla mtu hajaanguka au mlango haujampiga usoni. Wao kimya chao kilikuwa kimewaishia. Bosi wa vichekesho, aliyeitwa Kipara ingawa ana nywele zake zote, alipita na bahasha akavizoa vyote. Jioni alirudi kusema vinachekesha ajabu, kumbe yule mama ana kipaji.

Kikabaki kimoja kirefu. Mwulizaji alikuwa amemwuliza, "Mama, hivi vyungu hasa nani anavifinyanga?" Mumewe alikuwa amekaa kando ya kamera, ncha ya kiatu chake ilionekana pembeni mwa picha. Mama akaitazama mikono yake, akakitazama kile kiatu, akaitazama tena mikono. Sekunde arobaini na moja. Ndipo akasema, "Ni yeye."

Hicho mhariri alikiacha. Mtayarishaji akakikuta.

"Hiki hapana."

"Ndilo jibu lake, bosi. Tukikitoa atakuwa amesema kitu kingine."

"Jibu lake ni 'ni yeye'. Mimi sijamtia maneno mdomoni." Akajipapasa tumbo. "Kata, dada yangu. Watu wana rimoti mikononi."

Mhariri alifikiria kukataa. Alifikiria sekunde nane, akakumbuka mkataba wake unaoisha mwezi huo, akakata. Kipara alikipima kile kipande akakirudisha, akisema hakuna mzaha duniani unaovumilia kungojwa kiasi hicho. Mhariri akakifungia kwenye droo. Droo haikukitosha.

Nyumbani kilizoea haraka. Kilipenda kukaa kati ya hodi na karibu. Jirani aliyekuja kuazima pasi alisimama nacho mlangoni kwa adabu, akakaribishwa, akapewa pasi, akaenda zake.

Aliyefaidi hasa ni mtoto. Alikuwa na miaka sita, na maneno yake yalitoka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi amebeba ndoo iliyojaa. Mwalimu alishaandika kwenye daftari kwamba akiulizwa hajibu, akamhamishia dawati la nyuma. Nyumbani nako, kusema kweli, mama yake alikuwa akirudi yu hoi, macho yanamwasha, na mara nyingi alimmalizia sentensi ili wapate kula walale. Sasa, kila alipofungua mdomo kummalizia, kimya kilijipenyeza kwanza. Wote wakabaki wanangoja, kijiko hewani, na mtoto akafika chini ya ngazi na ndoo yake. Ndani ya siku nne mhariri aligundua kwamba mwanawe anajua mambo mengi. Alijua jirani anaazima pasi ili apate mtu wa kuongea naye. Alijua mama yake hulia bafuni akiwa amefungulia maji.

Jumapili jioni wakakaa mbele ya televisheni. Vilitangulia vichekesho. Mtu mnene akaegemea meza yenye mguu mbovu. Kabla meza haijaanguka ikapita nusu sekunde ya mama mfinyanzi, na majirani wa pande zote mbili wakacheka. Mdogo wake naye akacheka, kisha akaomba radhi.

Kikafuata kipindi cha sanaa. Mume akazungumza. Vyungu vikaonyeshwa. Mwulizaji akauliza swali lake, na kwa jirani, kupitia ukutani, jibu likasikika papo hapo: "Ni yeye." Muziki ukaingia.

Kwenye televisheni ya mhariri, mama mfinyanzi hakujibu. Kimya kilitoka chini ya meza kikarudi mahali pake. Akaitazama mikono yake. Nzi akapita. Akakitazama kiatu, na kiatu kikasogea kidogo. Kwa jirani mume alikuwa ameshavishwa nishani na watu wanapiga makofi. Akaitazama tena mikono. Akavuta pumzi.

"Ni yeye," akasema, na nyumba yao ikaendelea na kipindi, nyuma ya watu wote kwa sekunde arobaini na moja.

Mwishoni yakapita maandishi. Mfinyanzi: jina la mume. Shukrani: mkewe. Mhariri ndiye aliyeyachapa. Simu ikatetema. Mtayarishaji aliandika kwamba kazi imetoka safi, hakuna aliyebadili chaneli, na kesho awahi, kuna mchongaji mmoja ambaye dada yake naye ni mzito wa maneno.

Mhariri akaigeuza simu kifudifudi. Akamwuliza mwanawe kama amekipenda kipindi, akiwa amechoka kiasi kwamba alishaanza kumjibia moyoni. Mtoto akafungua mdomo. Akaitazama mikono yake mwenyewe. Bomba likanyamaza jikoni. Mama na mama mdogo wakangoja.

"Yule mama ndiye anayevifinyanga," mtoto akasema.