Moto wa Wadi Sarwa

Mheshimiwa Fawwaz alitaka kwanza kujua kura ya Mama Ghassan iko wapi, ndipo aamue kumpa mkono au kutompa.

"Iko Kfar Nuwa, kwa kina mume wangu," alijibu Mama Ghassan. "Lakini hapa Wadi Sarwa nimekaa tangu Ghassan hajazaliwa, na leo Ghassan ana mvi."

Mkono uliokuwa umeshanyooshwa ukageukia njiani, ukaenda kurekebisha tai. "Karibu sana, mama, karibu," alisema mkuu huyo wa baraza la mji, kana kwamba mwanamke kashuka kwenye ndege asubuhi ile. Wapambe wakamsogeza Mheshimiwa mlango wa pili, kwa mzawa mwenye kura. Habari ya jalala Mama Ghassan hakupata hata kuianza.

Ndiyo sheria ya Lebanon hiyo. Mtu hupigia kura alikoandikishwa babu yake, si anakolala. Mwanamke akiolewa, jina lake hubebwa kama kabati la bibi harusi na kuwekwa kwa ukoo wa mume. Basi katika kitongoji kile cha Beirut, watu wamejaa kama dengu guniani, lakini wenye kura ni koo chache za zamani, zilizokwisha kuuza bustani zao za ndimu zikahamia milimani kwenye hewa safi. Siku ya uchaguzi hushuka na magari, huchovya kidole kwenye wino, hula pilau ya mgombea, hurudi juu. Wanaochagua hawalali Wadi Sarwa, na wanaolala Wadi Sarwa hawachagui. Ila ushuru wa taka ukidaiwa, hakuna anayeulizwa babu yake aliandikishwa wapi!

Jalala lenyewe lilikuwa mwisho wa mtaa, nyuma ya shule. Mwanzoni waliambiwa ni la muda. Uchaguzi uliofuata Fawwaz akaahidi kiwanda cha kuchambua taka, na kweli kikajengwa kitu: bango la kiwanda, lenye sura yake. Kisha uchaguzi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, hata bango likaoza na kutupwa jalalani. Mama Ghassan aliliona likiungua, Fawwaz akitabasamu mpaka dakika ya mwisho. Wengine walisahau. Yeye hakusahau.

Kila magharibi askari wa baraza walimwaga dizeli juu ya taka wakawasha. Na kila usiku Labib, mumewe, mwalimu mstaafu, aliketi kitandani akivuta pumzi kama mtu anayepandisha ndoo kisimani kwa kamba iliyooza. Daktari alisema ama moshi ukome, ama mzee ahame. Akiendelea hivi hamalizi mwaka. Ahamie wapi, na pensheni imeshuka thamani hata dawa ya kupulizia haitoshi? Mama Ghassan alikwenda barazani mara nyingi. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: moto wa jalala ni wa chini kwa chini, mama, haufahamiki, wataalamu wanasema hauzimiki.

Jumamosi, kuamkia uchaguzi, ukazimika.

Lilikuja gari la maji, likaja tingatinga na mchanga, na kabla ya adhuhuri hapakuwa na uzi wa moshi. Barabara ikaoshwa kwa sabuni. Usiku ule Labib alilala chali, jambo ambalo mkewe alikuwa amelisahau. Mama Ghassan alikaa pembeni yake akimsikiliza, na furaha ilivyokuwa ikipanda, hasira ikaipita. Kumbe!

Asubuhi Munif, mtoto wa kaka wa mumewe, alipiga honi chini. Alikuwa kaleta basi kutoka Kfar Nuwa kusomba wapiga kura wa ukoo.

"Mama mdogo, shuka! Kiti chako cha mbele, na mkate wa zaatari upo!"

"Nikaamue nini huko, Munif?"

"Taa za barabara ya makaburini. Si ndiko tutakakowazika?"

"Basi nitapiga kura nikishazikwa. Leo nina kazi hapa."

"Unatuaibisha mbele ya ukoo!"

"Ukoo umewahi kuja kumsikiliza baba yako mdogo akikohoa?"

Munif akapiga honi kwa hasira, akaondoka na kiti kitupu.

Kituo cha kura kilikuwa pale pale shuleni. Fawwaz alisimama langoni akiwabusu wazawa mashavu. Mama Ghassan akamkabili mbele yao wote.

"Mheshimiwa, moto huu ulituambia hauzimiki. Jana umeuzimaje?"

Fawwaz akatabasamu kama lile bango. "Mama, leo kuna watu."

Hakuwa na nia ya kutukana, na hilo ndilo lililomchoma zaidi Mama Ghassan. Leo kuna watu. Na sisi siku nyingine zote ni nini, paka?

Fawwaz alishinda. Jumatatu, kabla ya magharibi, askari wa baraza alifika jalalani na madumu yake ya dizeli, akakuta lango limezibwa na viti vya plastiki, na juu ya viti wanawake wa mtaa mzima. Katikati alikaa Mama Ghassan, na ubavuni mwake Hasmik, mshonaji wa Kiarmeni, sindano zikiwa bado zimechomekwa kifuani.

"Nyinyi hata kura hapa hamna," alisema askari. "Pilipili msiyoila yawawashiani?"

"Twaila kila siku, mwanangu," alijibu Mama Ghassan. "Tena kwa pua."

Askari akampigia simu Fawwaz, sauti ikasikika hadi nje: "Waondoe! Hao si wapiga kura wangu!"

"Mwambie ndiyo maana hana cha kututishia," alisema Hasmik. "Au aje amwage dizeli mwenyewe, na suti yake ya ushindi."

Simu ikakatika. Askari alitazama viti, akatazama madumu, akaona wanawake wengine wanakuja na viti kutoka vichochoroni. Akayarudisha madumu garini.

"Kesho nitakuja na polisi," alisema.

"Njoo nao, tutawapa kahawa," alijibu Mama Ghassan, na papo hapo wakaanza kugawana zamu, wakikaripiana nani alale na nani akeshe.

Hapo ikasikika sauti kutoka roshani ya ghorofa ya tatu, ikivuka mtaa mzima.

"Wadad! We Wadad! Sukari umeificha wapi?"

Labib hakuwahi kupaza sauti tangu moto ulipoanza. Wanawake wakamgeukia Mama Ghassan, Wadad mwenyewe, wakingoja amjibu mumewe. Akanyamaza makusudi, ili Labib aite tena.